Masharubu ya Picha ya Kanada

Kensington, Johannesburg
Agosti 2018

Yaya Victoire, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, naitangazia Lubumbashi yote kwamba masharubu yangu hayapo tena. Niliyanyoa kwa ajili ya picha ya maombi ya kuhamia Kanada, na sasa wateja wakifika kwenye cherehani wananiuliza fundi yuko wapi. Mke wangu Marthe anasema nafanana na marehemu Mama. Cheka tu.

Siku ile nilipokuambia kwa simu kwamba jimbo dogo la New Brunswick, huko Kanada, limeniteua nihamie kwao, nawe ukauambia ukoo mzima, nilikuwa nimetoka kanisani. Huko mchungaji alikuwa amesikia habari zetu, akaita, "Papa Hénock, njoo upige magoti!" Wakaniwekea mikono, wakamwombea mwanaume aliyefungua njia. Marthe alisimama nyuma yangu, ameshika koti langu. Nikasema amina.

Yaya, ukweli ni kwamba aliyeteuliwa ni Marthe. Nyumba ya wazee ya huko ilimtaka yeye kazini, kwa miaka kumi na mmoja ya kuwaogesha na kuwalisha wazee hapa mtaa wa Observatory. Mtihani wa Kifaransa aliufanya yeye. Kwenye fomu, mimi ni mume anayemfuata.

Jana nilirudi mbele ya kanisa, nikayasema hayo yote. "Mwombeeni huyu," nikaomba. Walicheka kwanza, kisha vigelegele. Marthe akapiga magoti, nami nikasimama nyuma yake, nimeshika mkoba wake.

Uambie ukoo upya, tafadhali.

Mdogo wako,
Hénock, mume wa Marthe