Uliponiita Mara Mbili

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotuita foleni kwa mara ya mwisho, ukiwa kitandani wodini, na miaka yako tisini na moja, sauti imekonda lakini amri ni ileile.

Wenzangu wamenipa kalamu mimi niandike kwa niaba yao. Wamekosea, maana unanijua, sikaliki. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipachika jina la Kiguu na Njia kabla sijamaliza kuota meno. Haya nimeyaanzia jikoni, nimehamia kibarazani, na katikati nimepiga pasi mashati mawili yaliyokuwa yamenyooka. Mama ananitazama tu. "Mwanangu, kaa basi. Hata kiti kinakushangaa."

Wengi watakaosoma hapa walikujua kwa jina la Afande Sindano. Ulikaa jeshini miaka ishirini na miwili, ukarudi na mguu mmoja mzito na ufundi wa kushona uliojifunza kwenye stoo ya sare. Ukaweka cherehani karibu na dirisha, na kwa miaka arobaini ukawashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule. Kila sketi uliiachia pindo la vidole vinne. Mzazi akilalamika kwamba mtoto anaonekana kavaa pazia, ulimjibu huku pini ziko mdomoni, "Mama, mtoto haombi ruhusa ya kukua. Mwakani utafumua, utanikumbuka." Wakafumua kweli. Hadi leo watu wazima na heshima zao wananisimamisha njiani kunisimulia habari za mapindo.

Mama ulimpenda bila maneno mengi. Tangu harusi yenu mpaka ulipougua, maji yake ya kuoga uliyachemsha wewe. Yakiwa tayari ulisimama mlangoni ukatangaza, "Maji tayari, mkuu wa kambi!" Tukikuuliza nani mkubwa humu ndani, uliangalia kwanza kama yuko karibu.

Lakini foleni, Baba. Ile foleni yako!

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, tulijipanga sebuleni watoto wote wanne. Uliita jina, mwenye jina akaitika "Nipo!" Hakuna aliyeondoka mpaka useme "Tawanyikeni!" Na mtu hakuruhusiwa kumwitikia mwenzake. Nikichelewa kutoka bafuni, Dada akaniitikia ili chai isipoe, ulianza upya tangu jina la kwanza. Tulikuona mkorofi. Siku moja Kitindamimba, mdomo ukamtangulia, akakuuliza, "Baba, si tuko wanne tu? Si unatuona?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake foleni ikawa palepale.

Sababu ulikuja kunieleza mimi peke yangu, uzeeni, siku tuliyokuwa tunashona vifungo. Vitani, asubuhi moja, liliitwa jina la rafiki yako. Ulijua ameenda kuchota maji na atarudi sasa hivi, ukaitika kwa niaba yake asije akaadhibiwa. Ikaandikwa kwamba yupo. Hakuna aliyemtafuta mpaka jioni, na jioni alikutwa ameshakufa. "Nilimwitikia mimi," ulisema, ukakata uzi, ukachukua kifungo kingine. Hukulia. Mimi ndiye niliyeinuka nikaenda kufagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Ndiyo maana mwaka huu kukaa kumenishinda.

Asubuhi ile wodini ulimwita Kaka, akaitika. Ukamwita Dada, akaitika. Ukaniita mimi. Nilikuwa kwenye korido namfuata muuguzi nyuma nyuma, namuuliza swali alilokwisha nijibu mara tatu. Ukaniita tena. Mama akaona huruma, akasema, "Yupo, Mzee." Ukamkatalia: "Asiitikiwe. Akija ataitika mwenyewe." Ukamwita Kitindamimba, akaitika, ukafumba macho. Nilipoingia nilikukuta umelala, nikasema nisikusumbue. Hukuamka tena.

Kabati la sebuleni nimelihamisha mara nne mwaka huu. Kazini wananiuliza kama kiti changu kina miiba. Kaka ananiambia, "Wewe, achana na hayo, Mzee alikuwa amechoka tu." Najua alikuwa amechoka. Najua pia kwamba jina langu ndilo pekee lililobaki bila jibu, na nimeumia, Baba, sitaki kuficha.

Juzi, nikifagia jikoni, nikamwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Mwaka mzima unazunguka na hilo? Wewe mtoto! Kwani alisema tawanyikeni?"

Nikasimama na ufagio wangu.

"Hakusema," akaniambia. "Mimi nilikuwa nimekaa pale nasubiri aseme, nikanywe chai. Hakusema. Alikuwa anakungoja wewe."

Nililia pale pale jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilikaa chini mpaka mchele ukaisha.

Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kutawanyika, Baba, na kukusahau hatujui kunaanzia wapi. Kaka alitaka nimalizie kwa kuorodhesha majina ya wote wanaokukumbuka. Nimekataa. Sheria ni yako. Nimezungusha karatasi, kila mmoja ameandika kwa mkono wake:

Mkeo, mkuu wa kambi: Nipo, Mzee. Maji nachemsha mwenyewe siku hizi, hayapati moto kama yako.

Mwanao wa kwanza: Nipo, Baba.

Mwanao wa pili: Nipo. Na simwitikii mtu.

Kitindamimba: Nipo! Tuko walewale wanne, hesabu tena.

Wajukuu: nipo, nipo, nipo, nipo, nipo, na wa mwisho, asiyejua kuandika bado, amechora kifungo.

Mwanao wa tatu, Kiguu na Njia: Nimechelewa. Nipo, Baba.