Mkono wa kulia kwenye video ya udhu

Jumatano, baada ya Isha

Kosa ni langu, si la akina mama wa kijiji cha Keza. Leo nimewatembelea hao wanaojifunza udhu kwa video zangu za mtandaoni, nikakuta wote wanaanza kuosha mkono wa kushoto.

"Kulia kwanza," nikasema.

Bi Zaituni, mkubwa wao, akanionyesha simu. "Mwalimu, jitazame. Sisi tumekufuata wewe."

Kweli. Nilijirekodi kwa kamera ya mbele, nayo ikageuza picha: kulia kumekuwa kushoto.

Nilihofia wataacha kuniamini. Nikawaambia udhu wao haukubatilika, ila sunna ni kulia. Wakacheka sana. Bi Zaituni akachukua simu yangu. "Haya, tawadha upya. Nakurekodi mimi."

Hiyo ndiyo nimeiweka mtandaoni jioni. Vicheko vyao sikuvikata.