Firigisi ya Jumapili

Jumatano. Baridi ya mtaa wetu wa Pipeline, Nairobi, leo imeingia mpaka kwa mifupa, nguo za juzi bado ni mbichi kwenye kamba, na moyo wangu uko hivyo hivyo.

Nianze na sifa zangu, maana baadaye hazitakuwako. Shule niliacha kidato cha pili, lakini ya kuku nina digrii. Nimepikia Waarabu miaka minne, nyumba ya watu kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuondoka mezani na njaa. Kuku mmoja akiingia kwangu Jumapili, hatoki kabla ya Alhamisi.

Jumapili ni mapaja, mchuzi mzito, sherehe. Jumatatu mabawa yanalala na viazi mpaka viazi vijione kuku. Jumanne kifua nakichambua kwa vidole, nyuzi nyuzi, nachanganya na wali. Kila kijiko kinapata kidogo na hakuna wa kulalamika. Jumatano ni supu ya mgongo na shingo, na ugali. Alhamisi yale mafuta yaliyoganda juu ya supu yanakaanga mboga ya sukuma wiki, jengo lote linadhani tumechinja tena. Friji sina. Nachemsha na chumvi na tangawizi asubuhi na jioni, na sijawahi kupeleka mtu hospitali.

Na firigisi? Hiyo naila mimi, Jumapili, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwetu Magharibi mwa Kenya firigisi ni ya mwenye nyumba. Baba anaila, watoto wanaangalia. Mwanamke kuionja tu ilikuwa kesi. Sasa hapa orofa ya sita mwenye nyumba ni nani? Nikiitafuna huwa namwambia binti yangu Nekesa, ana miaka minane, "Angalia vizuri, hivi ndivyo mzee wa boma anakula." Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Leo saa kumi, Nekesa ndio ametoka shule, Baba akapiga simu akiwa chini kwa geti.

Tangu niachane na mume wangu, Baba hajawahi kukanyaga kwangu. Akija Nairobi kuangaliwa macho analala kwa kaka yangu, Buruburu. Kwa simu husema mimi nimepanga chumba, sijaweka nyumba. Kwa hivyo vile alipanda ngazi zote hizo na fimbo yake, akaketi kwa kiti changu akihema, nilitaka kitu kimoja tu. Ale, ashibe, aone kwamba hii ni nyumba.

Nikamwekea supu ikitoa moshi. Akashukuru. Akaingiza kijiko, akazungusha polepole. Akazungusha tena. Nikajua anatafuta nini.

"Firigisi iko wapi, Nanjala?"

Mimi, mdomo wa Pipeline nzima. Mimi niliyemjibu mwajiri wangu Uarabuni kwa Kiarabu chake mwenyewe. Jibu nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi kila Jumapili.

Nikasema, "Muuzaji aliitoa, Baba. Siku hizi wanaziuza kando."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo inauma.

"Wanakuibia, mwanangu, kwa sababu wanajua hapa hakuna mwanaume."

Nikasema ni kweli, Baba.

Nilisema ni kweli.

Akala vizuri sana, mpaka shingo akainyonya. Akasifu mkono wangu. Kabla ya kushuka akatuombea, na katikati ya maombi akamwomba Mungu anipe siku moja nyumba yangu mwenyewe. Nikaitikia amina, nimesimama katikati ya nyumba yangu mwenyewe.

Kumbe miaka yote hii nilikuwa jasiri mbele ya mtoto tu.

Tukiosha vyombo ndio Nekesa aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayenitunzia siri, "Mama, si mwenye nyumba ni wewe?"

Nikamwambia asugue sufuria.

Jumapili nitanunua kuku mwingine. Nitamkatakata vile vile, atafika Alhamisi vile vile. Firigisi nitaiweka kwa sahani yangu, Nekesa akiniangalia.

Sijui kama itashuka.