Rimoti Mbili za Treni ya Kaka Yako

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili mchana, mwezi wa nane.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mume wako na watoto. Hamjambo? Ule mgongo wako umepata nafuu, au bado unajifanya msichana na kubeba ndoo mbili mbili? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri na anatugombeza vizuri, kwa hiyo ondoa shaka juu yake.

Nimesema wazima wa mwili. Mengine nitakueleza, ila nakuomba ukae chini kwanza.

Uliniagiza jambo moja tu. Ulisema, "Wifi, jichagulieni mtambo wa kuendeshea hiyo treni ndogo, mimi nitaulipia, msinionee haya." Nikadhani ni jambo la kukujibu kwa mstari mmoja. Kumbe mstari huo umenitoa jasho, na hata sasa ninapokuandikia naogopa. Usinicheke. Soma mpaka mwisho.

Wewe unajua kaka yako hajarudi kwenye udereva wake wa treni tangu siku ile ya kivuko cha reli, yule mtu wa baiskeli alipokatiza mbele yake, naye akashika breki zote na treni isisimame. Wakubwa wake walimchunguza wakamwambia hana kosa. Yeye mwenyewe ndiye hajajiambia. Mikono inamtetemeka, kikombe chake tunakijaza nusu. Birika likianza kupiga mluzi jikoni, anatoka chumbani kama mtu aliyeitwa nje.

Daktari alimwambia atafute kazi ya mikono, kitu cha kumtuliza. Nikangoja aseme useremala, au bustani ya kwenye makopo. Akasema treni za mezani! Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu wa kwetu alitaka nyoka afugwe chumbani. Lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kumsikia akitaka kitu, nikanyamaza. Ndipo nilipokupigia.

Mzigo wako ulifika salama, reli hazikupinda hata moja. Tulihamisha meza kubwa chumba cha nyuma, akaziunganisha mwenyewe mpaka zikafunga mduara. Vichwa vyote viwili vya treni akavifuta vumbi, kile cha kijani kipya na kile cheusi ulichonunua kwenye mnada. Mama akaja kuchungulia, akasema, "Na mimi nilidhani nimemaliza kulea."

Tulikwenda kwenye duka la treni ndogo linaloendeshwa na mama mmoja ambaye wateja wake wote wanamwita Bi Swichi. Mwanamke ana maneno huyo! Alitueleza kwamba kwa mtindo wa zamani, umeme unaotiwa relini ndio unaosukuma treni, kwa hiyo ukiwasha, treni zote zinaondoka pamoja. Ukizima, zote zinasimama. Kwa mtindo huu wa kidijitali, umeme upo kwenye reli muda wote, lakini kila kichwa kina chipu ndani yake na namba yake. Unaita namba, kinaitika chenyewe, vingine vinatulia.

Kaka yako akasema, "Afadhali hizo. Mimi nyumbani nikiita mmoja, haitiki hata mmoja." Wifi, alitania! Nilijifanya natazama kabati la vioo ili wasione macho yangu.

Mitambo ya mtu anayeanza, alisema Bi Swichi, iko ya namna tatu. Upo wa kisanduku kidogo chenye rimoti ya waya, kitufe cha kuzungusha kwa ajili ya mwendo, na kitufe kikubwa chekundu cha kusimamisha kila kitu. Upo wa kuendesha kwa simu. Na upo mkubwa wenye kioo na vitufe kama vya rubani, unaoweza kuendesha stesheni nzima, ambao alituambia wazi kwamba utatuchosha kabla haujatufurahisha. Akatuazima ile miwili ya kwanza. "Jaribuni nyumbani," alisema, "msinunue kwa macho." Tena akatuonya tusiweke kichwa kisicho na chipu kwenye reli ya kidijitali, kitaungua.

Tukaanza na simu. Haikufaa. Kidole kinatetemeka, na kioo cha simu hakijui mtetemo ni ugonjwa, kinadhani ni amri. Treni iliruka mbele, ikatoka relini, ikalala ubavu. Kaka yako akaiweka simu kifudifudi, akautazama ukuta.

Kesho yake tukajaribu rimoti ya waya. Hapo mambo yakanyooka. Ina uzito mkononi, kitufe ni kigumu kidogo, ukitetemeka hakikutii ovyo. Kichwa cha kijani kikaondoka taratibu, kikazunguka, kikarudi. Akakizungusha tena na tena. Nilikaa kwenye kiti nikamwangalia mume wangu akiendesha treni, nikasema moyoni, asante Mungu, tumevuka.

Tukapata ujasiri usio na kipimo. Akasema, "Tuweke na cheusi." Wewe uliandika kwamba muuzaji wa mnada alikuapia vyake vyote ni vya kidijitali, nasi tukakiweka bila kukifungua. Wifi, kile kichwa hakikuwa na chipu. Hakikusogea hata unywele. Kilianza kulia. Mlio mwembamba, mkali, mrefu, kama chuma kinachosagwa na chuma kingine. Mimi sikuwepo kivukoni siku ile, sijui breki zililiaje. Lakini niliuona uso wake, nikajua zililia vile vile.

Nilikinyakua kutoka relini, kikaniunguza vidole. Nilipogeuka kumwambia kimenyamaza, chumba kilikuwa kitupu na mlango wa nje uko wazi.

Mama akauliza kutoka kitandani kwake, "Mwanangu anakimbilia wapi?" Nikamwambia dukani. Nilishuka ngazi nikiwa na kanga moja na kandambili zisizofanana. Sikujiuliza nielekee wapi. Miguu ilikuwa inajua, na kujua kwake ndiko kulikoniua.

Sitaki kukueleza yote niliyoyawaza njiani. Nitakwambia tu kwamba nilikuwa namwomba Mungu kwa jina la kila mtu wa ukoo wenu. Nilipofika kwenye kona ya barabara, kengele ya kivuko ikaanza kulia, na geti likaanza kushuka. Watu walikuwa wamejaa na mikokoteni na pikipiki zao. Nilipenya, nikasukuma, nikatukanwa. Simwoni. Treni ikaja. Ikapiga honi. Behewa baada ya behewa, nami nimeshika bomba la geti kwa mikono miwili, siwezi kufumba macho wala kutazama.

Geti likanyanyuka. Upande wa pili, kwenye benchi la mlinda geti, kaka yako alikuwa ameketi, mikono ameikalia. Mlinda geti yuko pembeni yake, amekamata upindo wa shati la kaka yako kwenye ngumi.

Nilivuka nikakaa chini, kwenye vumbi, mbele yao.

"Umekuja kufanya nini huku?" nikamwuliza.

"Kusikia ile ya kweli," akasema. "Ya mezani imelia kama siku ile. Nikaona nije nisikie yenyewe, nijue kinachonitisha ni kipi. La sivyo, kila kitakacholia mpaka nife kitakuwa treni."

Nikamtazama mlinda geti. Akaangalia pembeni, lakini shati hakuliachia mpaka tuliposimama kuondoka.

Njiani nilimshika mkono kama mtoto. Tulipopita karakana nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote, nikamwuliza wazi, "Mume wangu, ulitaka kujitupa?"

Alitembea kwanza. Kisha akasema, "Nilipofika nilikuwa sijui. Ilipopita, nikajua sitaki."

Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, wifi, kwa sababu wewe ni dada yake na si haki ufichwe. Mama hajui. Tafadhali usimwambie kwenye simu, unajua ukianza kulia huwa humalizi bila kueleza kila kitu.

Kulipokucha tulikwenda kwa daktari. Aliyasema mwenyewe, bila mimi kumchokoa. Sasa anaonwa kila wiki, amepewa na dawa za kumsaidia kulala, na daktari ametuagiza asiachwe peke yake. Kijana wa karakana anakuja kucheza naye bao ninapokuwa kazini. Nilimwuliza daktari kama nizifungashe hizo treni nikurudishie. Daktari akasema, "Mwulize mwenyewe, yuko hapa." Kaka yako akajibu, "Mrudishie ile nyeusi tu." Daktari akacheka, mimi sikuweza.

Bi Swichi ameifungua ile nyeusi. Mota imeungua kidogo lakini itapona, na anaweza kuitia chipu. Amesema kwa upole kwamba siku nyingine tuanze na kuuliza, maana kuuliza si ujinga.

Sasa nikueleze la juzi, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya chakula cha mchana aliingia chumba cha nyuma, nami nikamfuata kama kivuli, siku hizi ndiyo kazi yangu. Akawasha mtambo, akaniwekea rimoti mkononi. Kisha akainama, akalaza shavu lake mezani, kando ya reli kabisa, jicho likiwa sawa na njia.

"Lete," akasema.

"Nilete nini?"

"Treni. Polepole. Utaisimamisha wewe."

Wifi, ni kitu cha kuchezea. Ni chepesi kuliko mwiko wangu wa ugali. Lakini nakuapia, niliishika rimoti kwa mikono miwili. Nikazungusha kitufe. Kichwa cha kijani kikazunguka kona, taa yake ndogo ikiwaka, kikaanza kumwendea usoni. Nikabonyeza kile chekundu upesi, kikasimama mbali.

"Lete tena. Karibu zaidi."

Nikaleta. Nilikisimamisha kikiwa kimebakiza upana wa kiganja kufika puani kwake. Hakusogea. Ile taa ndogo ilimulika jicho lake, nikaona machozi yanateremka kuelekea kwenye ubao.

Akasema, akiwa bado amelala vile vile, "Siku zote nilijua yule mtu alinitazama machoni. Nilikuwa naliona jicho lake kila usiku, linaniuliza. Lakini kutoka huku dereva haonekani. Inaonekana taa tu."

Alikaa hapo muda mrefu. Sikuthubutu kuzima. Alipoinuka alikuwa na alama ya ukingo wa reli shavuni, akaniuliza kama kuna chakula kilichobaki.

Kwa hiyo, wifi, jibu lako ni hili. Usinunue wa simu, na huo mkubwa waachie wenye stesheni. Tununulie kile kisanduku kidogo cha waya, chenye kitufe cha kuzungusha na kile chekundu. Bi Swichi anasema mtu anayeanza hahitaji zaidi, na baadaye kinaweza kuongezewa. Ila kaka yako ana ombi moja: kije na rimoti mbili, maana kinakubali. Anasema moja ni yake, nyingine ni yangu. Nilimwambia mimi sijui kuendesha treni. Akasema, "Juzi ulijua."

Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Usiku akigeuka kitandani naamka. Akikawia bafuni nagonga mlango kwa kisingizio cha sabuni. Ukiweza kuja, njoo, hata kwa siku chache. Kama huwezi, mpigie yeye, si mimi. Usimwulize anaendeleaje. Mwulize treni ngapi zimefika salama leo. Hilo atalijibu.

Nisalimie mume wako, umwambie deni lake la utani bado nalidai. Wabusu watoto, hasa kifunguamimba wako, mwambie mke wa mjomba wake hajasahau ahadi. Mama anakusalimu na anasema uvae nguo nzito. Mlinda geti naye, ambaye humjui, nakuomba umtaje katika sala zako.

Mungu akufunike kwa mkono wake, wewe na wote walio chini ya dari yako, na atufikishe siku ya kuonana tukiwa wote tumetimia.

Ni mimi, wifi yako mwenye kukupenda na kukungoja.