Kabla Obwocha Hajaingia Chalbi

Manga,
Jumapili, baada ya mvua.

Mdogo wangu Drusilla,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Marsabit, wewe na watoto, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mzee Machogu anakusalimu. Goti bado linamsumbua ila mdomo hauna shida. Joyline anakusalimu, anasema mama mdogo alimwahidi viatu na yeye hajasahau. Mama mkwe anakusalimu, siku hizi ananiita kwa jina lako. Hata yule ng'ombe mweusi uliyemkamua Disemba amezaa ndama jike. Mimi tu ndiye sijui niseme niko namna gani. Nimechoka, Drusilla. Si kuchoka kwa kuchuma majani chai, huko nimezoea.

Habari ni ya Obwocha wangu. Unamjua kijana wako na baiskeli. Mwezi jana yeye na rafiki yake Dancun Odero, yule fundi wa baiskeli pale Keumbu, waliondoka waje mpaka kwenu, kisha wavuke jangwa la Chalbi hadi North Horr, kwa kukanyaga tu. Si kazi, si mashindano. Nilimuuliza anafuata nini huko, akasema, mama, nataka kuona nchi isiyo na mlima mbele yake. Baba yake Machogu akasema basi amesomesha mtu wa kuendesha baiskeli.

Mpaka Isiolo walikuwa wakipiga simu kila jioni. Walisema upepo wa huko unamsukuma mtu kifuani kama askari. Walipofika Laisamis wakaacha lami, wakashika njia ya mchanga kwenda Ngurunit. Hapo simu ikanyamaza siku tatu. Siku tatu, dada yangu! Nilikuwa nachuma chai nikisikia kengele ya baiskeli kwenye kila kona.

Siku ya nne akapiga kutoka Korr. Sauti ilikuwa imekauka. Alisema kwenye ule mchanga baiskeli zilikuwa zinawabeba kidogo, wao wanazibeba zaidi. Chupa zikaisha. Wakasimama wafungue ule mfuko mkubwa wa maji, ule mweusi unaokunjwa kama shati, ambao walikuwa waujaze Laisamis. Laisamis kila mmoja alidhani mwenzake ameujaza. Wakamwaga mizigo yote mchangani. Mfuko hakuna. Walilala chini ya kichaka wakinyonya mawe, mpaka mama mmoja wa Kirendille mwenye ngamia akawapata, akawapa maziwa.

Obwocha akasema kosa ni la Dancun, kwa sababu Dancun ndiye aliyefunga mizigo. Alimwambia arudi ziwani kwao akavue samaki, maji yako hapo hapo. Dancun akageuza baiskeli akarudi Laisamis, na huko yuko mpaka leo. Obwocha anapumzika Korr miguu ipone, Alhamisi atakuwa kwako, kisha aingie Chalbi peke yake. Machogu alikuwa ameweka simu sauti kubwa, akasema aliwahi kutuonya kwamba Mjaluo hajui kufunga mzigo.

Juzi nikakutana sokoni Keumbu na Akumu, mama yake Dancun, anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Alinishika mkono mbele za watu, akaniomba msamaha kwa uzembe wa mwanawe. Akanipimia omena, akaongeza, akaongeza tena, akakataa pesa yangu. Zile omena ziko kwenye chungu. Sijaweza kuzila.

Sasa nikwambie, kwa maana nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Dancun hakusahau kitu. Asubuhi ile ya kuondoka, walipokuwa wakinywa uji, nilifungua mzigo nikaona ule mfuko mtupu umechukua nafasi kubwa. Nikasema, mtoto anaondoka kwangu na plastiki badala ya chakula? Nikautoa, nikaweka ndizi mbivu, viazi vitamu na unga wa wimbi, nikaufunga vile vile ulivyokuwa. Drusilla, wewe umezaliwa hapa. Hapa ukiteleza unaangukia kwenye chemchemi. Sikujua kuna nchi ambayo mtu anatembea tangu asubuhi mpaka jioni hajaruka kijito. Na zile ndizi zilipasuka kabla ya Nanyuki, wakawapa mbuzi wa watu.

Nimempigia Obwocha mara mbili nimwambie. Mara ya kwanza hakupatikana. Mara ya pili alishika, nikamuuliza kama amekula.

Mfuko ndio huu, nimeuosha. Mokua dereva anaupeleka na lori la ndizi mpaka Isiolo, atauweka kwenye basi la kwenu. Barua nimeificha ndani. Obwocha akifika msomee yote, hata akinikasirikia. Mwambie ampigie Dancun, amwombe msamaha, amngoje. Asiingie Chalbi peke yake. Akikataa, ficha magurudumu, wewe ni mama yake pia. Kwa Akumu nitaenda mwenyewe kesho, na Machogu nitamwambia nikirudi.

Wasalimu watoto, mmoja mmoja. Tafadhali usikawie, tuma neno kwa simu ya Joyline siku hiyo hiyo. Usiandike mengi. Andika tu kwamba wako wawili, na mfuko umejaa.

Ni mimi dada yako,
Nyakerario