Mbegu Zilizoandikwa Zawadi

Nyansurura, Serengeti
12 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Vedasto,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu barua hii, hata wenzako wa chuoni.

Shikamoo kaka. Natumaini baridi ya Ulaya imepungua na kifua hakikusumbui tena. Mimi ni mzima, ila nina jambo zito.

Unakumbuka wale wataalamu kutoka huko uliko, waliokuja mwaka juzi kukusanya ulezi unaostahimili ukame? Mimi, karani wa kata, ndiye niliyejaza fomu. Akina mama arobaini na mmoja waliweka dole gumba. Fomu ilikuwa na nafasi mbili tu: kuuza au zawadi. Mama Nyangwine akaniambia, "Mwanangu, mbegu haiuzwi. Andika nimewapa." Nikawaandikia wote zawadi.

Mimi mtu wa Bukoba sikujua desturi yao. Hapa ukipewa kibakuli cha mbegu, ukivuna unakirudisha kimejaa. Juzi mama huyo alikuja ofisini kuuliza kama wageni wameshavuna. Hakuwa na hasira, hata maziwa aliniletea. Nilishindwa kumtazama.

Maana wameshavuna, kaka. Nimeona barua kwenye faili: kampuni ya huko, ambayo barua haikuitaja jina, imeusajili ulezi ule kuwa mali yake. Sasa wizara yetu inauliza kibali cha kuutoa nchini, na kibali hakipo.

Jana mratibu wa mradi, Bwana Okumu, aliniletea karatasi yenye tarehe ya mwaka juzi. Anataka nisaini kwamba niliwasomea akina mama kuwa wanaachia haki zote. Sikuwasomea. Karatasi hiyo haikuwapo. Nilipoomba muda, alicheka.

"Koku, mataifa yakigombana, anayekamatwa ni karani. Ijumaa naifuata."

Leo asubuhi gari lake lilikuwa mbele ya nyumba ninayopanga.

Sitasaini. Nitafutie kwenye rejista ya huko jina la kampuni hiyo na tarehe ya usajili.

Msalimie wifi Precious, na umbusu mwanao Isack. Mungu awafunike.

Usinipigie simu, wala ofisini. Mpigie Rose, fundi cherehani wa Nyamisangura, Tarime. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii. Ulizia gauni langu. Akisema halijaisha, bado nipo. Akisema limechukuliwa, usinitafute mimi kwanza. Tafuta fomu za mwanzo. Nimezificha kwenye chungu cha mbegu cha Mama Nyangwine, juu ya meko.

Mdogo wako anayekupenda na kukutegemea,
Kokushubira