Jina Nililopewa kwa Mkono

Jumanne, 9 Septemba 2025
Dada Margareta kanituma nipeleke kitambaa kwa mafundi viziwi, nyuma ya soko hapa Mtoni. Kaandika kwenye simu. Ndivyo tunavyoongea, toka homa ya uti wa mgongo iondoke na masikio yangu. Kaongeza: usikae sana.

Nimekaa! Chumba kizima wanacheka — mabega yanatikisika, cherehani zimesimama. Wanacheka nini? Fundi mmoja, Najat, kaniuliza kitu kwa mikono. Nikajibu kwa mdomo kuwa sisikii. Akajigusa sikio, akatikisa kichwa: hata mie. Akanisogezea stuli.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimerudi, bila kutumwa. Ukitaka kumwita mtu wa upande wa pili unazima taa, unawasha. Kwa nini nyumbani hatukuliwaza hilo? Dada hunigusa bega kwa nyuma, nashtuka kila mara.

Nilitaka kujua: mikono ikishika kitambaa, umbea unasubiri? Najat kanionyesha. Kitambaa kinabanwa kwa kidevu, umbea unaendelea.

Hawapambi maneno. Farhan, fundi mwenzake na mchumba wake, kanionyesha kwa mikono: mie mnene. Na ndio kwanza tumejuana.

Jumatano, 17 Septemba
Nina jina! La Farhan ni kovu lake la shavuni. Langu: kidole kinapandisha nyusi. Eti nashangaashangaa kila kitu. Nikanuna. Najat akachukua chaki, akaandika kwenye meza ya kukatia: "Tusiyemtaka hatumpi jina." Nikageukia dirishani kuficha machozi. Wapi — hawa wanaona kila kitu. Cherehani zote zikasimama.

Nyumbani nikamwonyesha Dada. Hakutaka kuangalia. Kaandika kuwa nikishika lugha ya ishara, ndio nimeyazika masikio. Jumapili kuna maombi ya uponyaji Mabibo, tunakwenda. Anafunga kwa ajili yangu, toka jana hagusi chakula mchana. Nimkasirikieje?

Jumamosi, 20 Septemba
Harusi ya Najat na Farhan ni kesho. Maombi kesho. Saa zilezile.

Sare yangu ya harusi Najat kanishonea mwenyewe, katikati ya pilikapilika zake za ubibi harusi. Nimeificha chini ya mto kama nimeiba.

Jumapili, 21 Septemba
Nimevaa sare. Dada katoka na nguo ya kanisani, kanitazama juu mpaka chini. Nikasema, kwa sauti nisiyoijua ukubwa wake:

"Dada, mie leo siendi Mabibo. Nakwenda kwa wenzangu."

Midomo yake ikaenda mbio. Nimedaka "mie" tu. Mie nini? Mie je? Nikamwomba arudie polepole. Akakaa kwenye kochi, mkoba mapajani.

Nimekimbilia chumbani kuandika. Sijawahi kumkatalia Dada kitu. Hospitali alilala sakafuni kwa ajili yangu. Bajaji ya kunichukua iko njiani.

Simu imewaka. Dada, kutoka hapo sebuleni: "Asiyejua ishara, huko harusini anakaa na nani?"

Ananisimanga? Au anauliza kweli? Nimesoma, nimerudia, sipati kitu. Maandishi hayana uso.

Natoka nikamwangalie.